Lenzi tatu mezani, akiba ya kununua moja: mwalimu wa Tanga auliza

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa mpigapicha wa shule bila kuteuliwa rasmi na mtu yeyote. Ilianza na mahafali ya kidato cha nne, nilipojitolea kwa sababu nilikuwa na kamera. Tangu hapo kila kikao cha wazazi, kila ugawaji wa zawadi na kila mechi ya mpira wa pete huniangukia mimi. Nyumbani nawapiga picha wanangu wawili, na likizo tunapopanda Lushoto au kushuka Pangani kamera huwa haibaki kabatini.

Kamera yangu ni Canon EOS 80D, na lenzi ni ile iliyokuja nayo ndani ya boksi, ya milimita 18 hadi 55. Naipenda kwa wepesi wake, lakini imeanza kunitia aibu. Katika ukumbi wa shule, ambao una madirisha madogo, paa la mabati lisilo na dari na taa chache za tyubu, picha za wanafunzi wanaopokea vyeti haziridhishi hata kidogo. Linalonishangaza ni kwamba bango lililo ukutani nyuma yao husomeka herufi kwa herufi, ilhali mikono na nyuso za watoto zimekuwa kama moshi. Nyumbani jioni ni vivyo hivyo: sahani mezani zinaonekana vizuri, walaji hawaeleweki. Isitoshe, sebule yetu ni ndogo kiasi kwamba wageni wakijaa hunibidi nitoke hadi mlangoni ndipo niwapate wote.

Nimejiwekea akiba kwa muda mrefu, na sasa inatosha kununua lenzi moja iliyotumika. Nilipokwenda Dar es Salaam, muuzaji mmoja wa Kariakoo aliniwekea lenzi tatu mezani, zote za Canon na bei zake hazipishani sana: 17-55 yenye f/2.8, 15-85 yenye f/3.5 hadi f/5.6, na 24-105 yenye f/4 na pete nyekundu mbele. Muuzaji ananishauri nichukue 15-85 kwa kuwa inafika kote. Shemeji yangu, ambaye hupiga picha za harusi, anasema mwenye akili hununua pete nyekundu, kwa sababu siku nitakapohamia kamera ya fremu kamili hizo mbili nyingine zitakuwa takataka. Mume wangu anauliza kwa nini nisitumie tu flashi tukayamaliza.

Nataka lenzi moja ya kukaa kwenye kamera kila siku. Naambatanisha picha 12, kama zilivyotoka, bila kuzigusa. Naomba unisaidie kuamua kabla sijarudi Dar mwisho wa mwezi.

Mwalimu, Tanga

JIBU

Mwalimu,

Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi, nalo ni kuzileta picha zenyewe. Kila picha hubeba ndani yake kumbukumbu ya jinsi ilivyopigwa: lenzi ilikuwa kwenye milimita ngapi, tundu lake lilifunguliwa kiasi gani, shata, yaani pazia la kuruhusu mwanga, ilikaa wazi kwa muda gani, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ilikuwa ngapi. Nimezisoma kumbukumbu hizo kwanza, kisha nikairudia barua, na kwa kweli jibu lako karibu lote limo mle.

Katika picha 12 ulizoniletea, saba ni za ukumbini, na zote saba umezipiga lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, yaani milimita 55, tundu likiwa f/5.6, shata sekunde 1/30 na ISO 3200. Tatu ni za sebuleni, zote kwenye milimita 18, kwa f/3.5 na sekunde 1/40. Mbili zilizobaki ni za Irente, kule Lushoto, mchana kweupe, na hizo hazina kasoro yoyote; hata lenzi ya bei ndogo kuliko yako ingezitoa vilevile.

Sasa turudi kwenye lile bango linalosomeka wakati watoto wamekuwa moshi, kwa sababu hilo ndilo lililonifundisha zaidi kuhusu tatizo lako. Picha huharibika kwa namna mbili zinazofanana kwa mbali. Mkono wa mpigapicha ukitikisika, kila kitu ndani ya picha hutikisika pamoja nao, bango na watoto wote. Lakini mpigapicha akitulia na mtoto akasogea, bango hubaki limekazana na mtoto peke yake ndiye anayepakazika. Kwako limetokea hili la pili. Lenzi yako ina kitulizaji cha mtikisiko, na kimefanya kazi yake barabara, kwani si kila mtu anayeweza kushika milimita 55 kwa sekunde 1/30 akapata maandishi ya ukutani yakiwa yametulia hivyo. Kilichokushinda ni kwamba mwanafunzi anayenyoosha mkono kupokea cheti hawezi kusubiri sekunde 1/30, na hakuna kitulizaji duniani kinachoweza kumtuliza yeye. Dawa yake ni shata yenye kasi zaidi, na shata yenye kasi inataka mwanga mwingi zaidi upite kwa muda mfupi. Kwa hiyo muuzaji atakapokusifia kitulizaji cha lenzi yoyote kati ya hizo tatu (na zote tatu zinacho), msikilize kwa adabu, lakini usimlipe kwa hilo.

Mwanga huo unapita kwenye tundu la lenzi, na hapa naomba univumilie kidogo kwa hesabu, kwa kuwa wewe ni mwalimu na hesabu yenyewe ni fupi. Ile namba ya f ni kigawanyo. Milimita 55 ukigawa kwa 5.6 unapata tundu lenye upana wa karibu milimita 10. Ukigawa kwa 2.8 unapata karibu milimita 20. Upana umeongezeka mara mbili, lakini eneo la tundu limeongezeka mara nne, kama vile mtungi wenye mdomo mara mbili kwa upana unavyokinga mvua mara nne kwa dakika ile ile. Maana yake ukumbini kwako ni hii: mahali ambapo lenzi yako ililazimika kukaa wazi kwa sekunde 1/30, ile ya 17-55 yenye f/2.8 itakaa wazi kwa sekunde 1/125 bila kugusa ISO. Ukipandisha ISO kutoka 3200 hadi 6400, ambayo 80D inaimudu kwa chengachenga za kuvumilika, utafika 1/250. Mtoto wa kawaida anayepanda jukwaani na kupeana mkono na mkuu wa shule atatulia kati ya namba hizo mbili.

Kuhusu taa za tyubu kuna jambo dogo la pembeni. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za namna hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ikiwa ya haraka, picha mbili za mfululizo zinaweza kutoka moja nyeupe na nyingine ya manjano yenye giza, ukadhani lenzi mpya ni mbovu. Ndani ya menyu ya 80D kuna mpangilio wa kuzuia mpepeso huo. Uwashe kabla ya mahafali.

Nianze kuondoa lenzi mezani, na ya kwanza kuondoka ni ile ya pete nyekundu, pete ambayo ni alama ya lenzi za Canon za daraja la juu. Shemeji yako hakukudanganya: Canon waliitoa 24-105 f/4 mwaka 2005 kwa ajili ya kamera za fremu kamili, imezibwa dhidi ya vumbi na matone, na kwenye kamera aina ya yake ni lenzi ya kila siku hasa. Lakini kihisi cha 80D, yaani kile kinachopokea picha ndani ya kamera, ni kidogo kuliko cha fremu kamili, kina upana wa milimita 22.5 badala ya 36, kwa hiyo kila lenzi unayoivalisha huonyesha sehemu ya katikati tu ya kile ambacho ingekionyesha kwake. Zidisha kwa 1.6 nawe utaona: 24 inakuwa kama 38, na 105 inakuwa kama 168. Huo mwisho mrefu ni mzuri kwa mpira wa pete, ila mwanzo wake ndio utakaokufukuza sebuleni. Ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, lenzi yako ya sasa kwenye milimita 18 inabeba upana wa mita 3.75. Ile ya pete nyekundu kwenye 24 itabeba mita 2.8 tu. Umesema tayari unasimama mlangoni. Ukiinunua hiyo utasimama uani.

Nasema hivi kwa machungu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliinunua lenzi hiyo hiyo nikaivisha kamera yenye kihisi kidogo kama chako, kwa sababu ile ile ya pete, na kazi yangu ya kwanza nayo ikawa ni nikahi iliyofungwa katika sebule ya nyumba ya kawaida. Shangazi wanne wa bibi harusi walikuwa wamekaa kwenye kochi moja, na kila nilipotaka kuwapata wote niliwapata watatu na nusu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikarudi ya pili, mgongo ukiwa tayari nje ya pazia la korido, na hatua ya tatu nikaikanyaga sinia ya visheti iliyokuwa imewekwa sakafuni ikisubiri kupelekwa ndani. Visheti vililika hivyo hivyo, walikuwa watu wema, lakini shangazi wa nne hadi leo hayumo kwenye albamu.

Hoja nyingine ya shemeji, ile ya fremu kamili ya siku zijazo, inastahili kujibiwa kwa sababu nusu yake ni kweli. Lenzi za Canon zenye herufi EF-S, ambazo ni hizo mbili nyingine, haziingii kabisa kwenye kamera za fremu kamili za mfumo wa zamani wenye kioo ndani. Lakini tangu mwaka 2018 Canon wameelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, zenye mdomo mpya unaoitwa RF, na adapta yao wenyewe inakubali EF, kama ile ya pete nyekundu, na EF-S vilevile. Kwenye kamera zenye kihisi kidogo za mfumo huo, kama R7 na R10 zilizotoka mwaka 2022, lenzi ya EF-S inafanya kazi kwa upana wake wote. Kwenye fremu kamili kamera itatumia sehemu ya katikati tu ya kihisi, jambo ambalo si la kufurahisha sana ingawa si takataka. Zaidi ya hayo, unanunua lenzi kwa ajili ya mahafali ya mwaka huu. Kamera ambayo hata akiba yake hujaanza kuiweka isikuchagulie lenzi leo.

Zimebaki mbili, na hapa sikufichi kwamba niliandika jibu moja, nikalifuta, nikaandika jingine. Ile ya 15-85, iliyotoka mwaka 2009, ndiyo ambayo ningempa msafiri bila kusita. Milimita tatu kati ya 15 na 18 zinaonekana ni kitu kidogo kwenye karatasi, lakini kwa upande mpana kila milimita ina thamani kubwa: kwa zile mita 3 za sebuleni, 15 inabeba upana wa mita 4.5, yaani karibu watu wawili zaidi kwenye kochi. Ukienda Mapango ya Amboni na ukataka ukuta wa mawe pamoja na kundi la wanafunzi mbele yake, au ukisimama Irente ukataka bonde lote la chini, 15 itakupa kitu ambacho 17 haitakupa. Na ule mwisho wa 85, ambao kwenye kamera yako ni kama 136, utamfikia mfungaji wa mpira wa pete bila wewe kuingia uwanjani. Muuzaji aliposema inafika kote, alisema kweli.

Ila inafika kote mchana. Ikifika milimita 55 tundu lake halipishani sana na la lenzi uliyo nayo, kwa hiyo zile picha saba za ukumbini ungezipata tena jinsi zilivyo, moshi wake ukiwemo, baada ya kumaliza akiba yote. Siwezi kukushauri ununue kitu ambacho hakigusi picha saba kati ya 12. Hivyo ushauri wangu ni 17-55 f/2.8, ukijua wazi kile unachokiacha: utapoteza milimita mbili za upana na 30 za urefu, na hutarudishiwa.

Ipo na gharama nyingine ambayo haisemwi dukani. Lenzi hiyo ina uzito wa gramu 645, mara tatu ya ile nyepesi unayoipenda, na ukichukua tofauti yake ni karibu nusu kilo. Wewe ni mtu wa kubeba madaftari ya kidato kizima. Kabla ya safari ya Dar, fungasha nusu kilo ya sukari, itie kwenye mkoba wa kamera pamoja na kamera yenyewe, na utembee nayo wiki moja, shuleni na sokoni. Ikifika Ijumaa ukajikuta mkoba umeachwa nyumbani mara mbili, niandikie tena tufikirie upya, maana lenzi ya kila siku isiyobebwa kila siku haijastahili jina hilo.

Sebuleni nisikutie matumaini ya bure. Pale unapiga kwenye milimita 18 kwa f/3.5, na kutoka f/3.5 hadi f/2.8 ongezeko la mwanga ni kama mara moja na nusu tu; sekunde 1/40 itakuwa kama 1/60, nayo haimtoshi mtoto anayecheka mdomo ukiwa na chakula. Huko ndiko hoja ya mumeo inakopata nguvu. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera siipendekezi, kwa kuwa kwa ISO 100 na f/5.6 hufika mita 2 hivi, na hata ukipandisha ISO ili ifike mbali bado inawamulika watu usoni kama taa ya bodaboda. Lakini flashi ya kuchomeka juu ya kamera, yenye kichwa kinachozunguka, ukiielekeza kwenye dari nyeupe ya sebule, mwanga unashuka laini juu ya wote na shida ya jioni inakwisha. Ukumbini haitakusaidia hivyo, kwa kuwa umesema hakuna dari, na mwanga unaorushwa kwenye mabati ya juu unapotelea hukohuko. Mumeo basi yuko sahihi kwa nyumba yake, na flashi iwe ndiyo akiba inayofuata.

Kuna njia ya bei ndogo ambayo ningekuwa mnyimivu kuiacha. Canon wana lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, nyepesi na ya plastiki, ambayo haivuti wala hairudi. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara 10 ya f/5.6, na milimita 50 si mbali na zile 55 unazozitumia ukumbini, kwa hiyo sekunde yako ya 1/30 ingefika karibu 1/300. Ungebaki na lenzi yako ya sasa kwa mambo mengine yote, na sehemu kubwa ya akiba ingebaki benki. Sijaitanguliza kwa sababu umeomba lenzi moja ya kukaa kwenye kamera, na katikati ya ugawaji wa vyeti hakuna nafasi ya kufungua na kufunga lenzi wakati mgeni rasmi ameshanyanyua mkono. Hata hivyo, ukifika dukani ukakuta ile 17-55 ni mbovu, usikubali kushushwa kwenye 15-85 kwa sababu tu umeshatumia nauli. Chukua hiyo ya 50 urudi nayo Tanga.

Nakuomba pia ujaribu jambo moja kesho, kabla hujatumia hata senti. Zungusha kile kitufe cha juu cha kamera hadi Tv, ambapo wewe unachagua shata na kamera inachagua tundu, weka shata 1/125, ruhusu ISO ipande hadi 6400 au hata 12800, kisha sogea. Badala ya kusimama safu ya nne na kuvuta hadi 55, simama kando ya jukwaa ukiwa na lenzi kwenye 24 hivi, mahali ambapo namba yake ya f bado ni ndogo zaidi. Chengachenga zitakuwepo, lakini nyuso zitakuwa nyuso. Ikiwa shule inaruhusu mpigapicha asogee hivyo, utaona kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa ni heshima yako ya kukaa nyuma.

Sasa kuhusu ununuzi wenyewe, na hapa nitachukua muda, kwa kuwa pwani yetu ina adui ambaye wauzaji wengi hawamtaji. 17-55 ilitoka mwaka 2006, kwa hiyo utakayoikuta inaweza kuwa imepita mikononi mwa watu watatu na misimu mingi ya mvua. Hewa yenye unyevu, giza na mkoba wa ngozi vikikutana, ukungu huota juu ya vioo vya ndani. Omba lenzi mkononi, toa vifuniko vya pande zote mbili, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma huku ukichungulia kwa mbele kwa pembe, si moja kwa moja. Vumbi utaliona kama nukta chache, na nukta chache hazina neno. Ukungu unaonekana kama utando wa buibui au mizizi midogo inayoanzia ukingoni mwa kioo kuelekea katikati. Ukiiona mizizi hiyo, hata kama ni midogo na muuzaji anakuapia kwamba haionekani kwenye picha, irudishe mezani.

Kisha ivishe kamera yako mwenyewe, ambayo utakuwa umekwenda nayo pamoja na memori kadi na betri iliyojaa. Vuta lenzi polepole kutoka 17 hadi 55 na kurudi. Iende kwa uzito mmoja, isikwame wala kukwaruza. Simama mbele ya ukuta wa matofali au ukurasa wa gazeti uliobandikwa, upige kwa f/2.8 kwenye 17, kwenye 35 na kwenye 55, halafu ukuze picha kwenye kioo cha kamera na ulinganishe kona ya kushoto na ya kulia. Kona zote kuwa laini kidogo kwa f/2.8 ni kawaida. Kona moja kuwa laini na nyingine kukazana ni dalili kwamba lenzi ilianguka. Fokasi nayo ikiwa inatua mbele kidogo au nyuma kidogo ya ulipolenga, usiikatae papo hapo, kwa kuwa menyu ya 80D ina marekebisho madogo ya jambo hilo; lakini ikiwa mara inatua mbele na mara nyuma bila mpangilio, hiyo hairekebishiki na kidole. Sikiliza pia: kitulizaji kikiwaka utasikia mnong'ono mdogo, na hilo ni sawa. Mtetemo unaoonekana kwenye dirisha la kuchungulia, picha yenyewe ikirukaruka, si sawa.

Ukiipata nzima, ihifadhi kwa namna ambayo haitaota ukungu kwako. Ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika jeli, vinatosha. Nunua ile yenye rangi, kwa sababu hukuonyesha ikishiba unyevu, ya machungwa ikigeuka kijani na ya buluu ikigeuka waridi. Ikigeuka uikaushe kwa moto mdogo na kuirudisha. Mchele usiutumie, kwa kuwa vumbi lake lenyewe litaingia kwenye lenzi inayorefuka na kunywea kila unapovuta, nayo haikuzibwa kama ile ya shemeji.

Wiki za kwanza f/2.8 itakutega. Ukimpiga picha mtoto kwa milimita 55 kutoka mita 2, kina kinachokazana ni kama sentimita 14 tu, kwa hiyo yeye atatokea vizuri na rafiki aliyesimama bega moja nyuma yake atafifia. Kwa mita 5 kina hicho kinafika karibu sentimita 90, nacho kinamtosha anayepokea cheti pamoja na anayekitoa. Picha ya darasa zima katika safu tatu ipige nje kwa f/5.6 au f/8, kama ulivyokuwa ukifanya.

Ile lenzi ya boksi usiiuze. Dukani watakupa hela isiyotosha nauli ya kurudi Tanga. Ile ya kizazi cha 80D hufokasi hadi sentimita 25, karibu zaidi kuliko 17-55 inayoishia sentimita 35, kwa hiyo siku mwalimu mwenzako wa biolojia atakapotaka picha ya panzi au ya ua lililopasuliwa, ivalishe hiyo.